Jina la Baba Mkwe

Kaka yangu Sedekia alikuwa dereva wa lori, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko mizigo yake. Ukimwuliza habari za Iringa, anaanzia Chimala, anasimama Makambako akueleze baridi ya pale na bei ya viazi, na mpaka afike Iringa chai yako imeshapoa. Mimi ni dada yake, Tusajigwe. Nilizoea kumwambia, "Wewe ukifa, mdomo wako tutauzika kesho yake." Ndivyo tulivyotaniana. Siku hizi simtanii mtu yeyote kwa kifo.

Mwaka wa hamsini na tano, masika yakianza, alikuja kwa baba, huko milimani Kiwira, amevaa koti jipya na amejaa habari. Yeye, mkewe Atuganile na watoto wao wawili, Saulo na Damari, walikuwa wanakaa Iyunga, karibu na Mbeya, katika nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba alikuwa tayari kuiuza. Tulidhani amekuja kutuambia ameinunua. Kumbe amejiandikisha bima ya maisha.

"Bima ni kitu gani?" baba akauliza.

"Tata, ni hivi. Kila mwezi natoa kidogo katika mshahara wangu. Siku nikifa, kampuni inampa mke wangu fedha za kutosha alee watoto."

Baba akaacha kula. "Wanalipa ukifa?"

"Wanamlipa mama Saulo."

"Basi wamekununua."

"Hawajaninunua, tata. Sisi madereva tunachanga, na makarani wanachanga, na walimu. Wengi wetu hatufi mwaka huu. Yule anayekufa, watoto wake wanakula michango ya wale ambao hawakufa. Haizuii kifo. Inawazuia watoto wasihangaike."

"Na kampuni yenyewe inafurahi ukifa?"

"Inalia! Nikifa mapema imepata hasara. Hakuna watu wanaonitakia uzee kama wale."

"Basi tuwaweke katika sala zetu," nikasema mimi, na wote tukacheka isipokuwa baba. Yeye alisema fedha ya kufa mtu hataila, na tusimwekee mezani. Sedekia hakubishana. Alimwambia tu kwamba alipoulizwa jina la baba hakutaja la ukoo kama wenzake, alitaja la baba mwenyewe, na limepigwa kwa mashine kwenye hati: Sedekia Andendekisye. Alitaka kumheshimu. Baba akamwambia alisome tena.

Atuganile alikuwa jikoni akiyasikia yote hayo, maana kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakai mbele ya baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakutani naye njiani, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Mzee naye hukohoa akikaribia, ili mkwe apate kujificha migombani. Wachungaji walikwisha kusema kwamba Mkristo halazimiki, na wasichana wa misheni walikuwa wanawapa baba wakwe zao mkono mchana kweupe. Atuganile alibatizwa na Biblia aliisoma vizuri kuliko mimi, lakini heshima ile hakuiacha. Nilimwuliza siku moja kama anaogopa.

"Siogopi, wifi," akasema. "Nampenda mzee. Nitampa nini kingine?"

Kwa hiyo chakula alichopika yeye nilikipeleka mimi. Salamu za mzee nilizileta mimi, na majibu nikayarudisha mimi, nikiwa katikati yao kama daraja la miti. Hata mumewe, Atuganile alimwita baba Saulo, basi. Na baba alivimba kichwa. Akikaa na wazee wenzake hakosi kusema, "Mkwe wangu mimi, hata kivuli changu hakijui." Wazee waliokuwa na wakwe wa misheni walikuwa wanatazama chini.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa kali, lori la Sedekia liliteleza kwenye matope mbele ya Sao Hill likapinduka. Utingo wake alirushwa nje akavunjika mkono. Sedekia hakutoka. Walimpeleka hospitali Iringa, daktari akaandika cheti, na madereva wenzake wakamleta nyumbani katika lori jingine, juu ya magunia matupu, wakiwa wamemfunika kwa turubai jipya kabisa. Lile turubai liliniuma, sijui kwa nini. Nililia kwa sababu ya turubai kabla sijamlilia kaka yangu.

Kiwira ilijaa watu. Kila anayefika alikuwa anasema, "Ndaga, ndaga," ndiyo pole ya kwetu, tukiitikia mpaka sauti zikakauka. Baba alisimama kichwani pa kaburi, kofia mkononi. Na kwa kuwa baba alisimama pale, Atuganile hakuweza kusogea. Alikaa nyuma kabisa ya wanawake, amejifunika shuka kichwani, akachungulia mazishi ya mumewe kwenye mabega ya watu. Nilimvuta mkono nikamwambia, "Leo njoo tu." Akatingisha kichwa. Udongo wake wa kutupa kaburini niliutupa mimi.

Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walikaa. Kwa desturi mjane huenda kwa ndugu wa marehemu, pamoja na watoto na kilichomo ndani. Ndugu aliyekuwapo ni Jailos, mdogo wetu. Jailos si mtu mbaya, ni mvivu tu, na pombe inamfahamu. Alikuwa na wake wawili tayari, na katika watoto wake hakuna aliyekwenda shule. Walichunga ng'ombe na kuwapiga wenzao wanaotoka shule. Saulo alikuwa anasoma Mbeya na alikwisha kuanza kuniandikia barua. Damari alikuwa ananunuliwa sare.

Atuganile hakuwapinga wazee. Alinituma niseme kwamba anaomba kurudi Iyunga na watoto wake, ainunue ile nyumba kwa fedha ya bima, alime bustani, awasomeshe. Wazee wakajibu kwa haki, nakiri, wakasema mwanamke anayeweza kujilisha hawatamburuta. Ila wakasema mwisho ni mavuno ya maharage. Ikiwa hadi hapo bima haijaonekana, Jailos achukue mzigo wake.

Jailos alikuwepo, akaangalia kucha zake. Mzigo ndio huo: wifi yangu.

Tukaenda Mbeya. Wakala wa kampuni alikuwa Bwana Didas, Mhehe wa Iringa, kijana mpole mwenye tai na rozari mfukoni. Alikuja Mbeya mara moja kwa mwezi, na boma walimpa chumba kidogo chenye dirisha la kutazama barazani, pamoja na karani wa kushuhudia viapo. Alitupokea vizuri. "Kamwene," alitusalimu, kisha akakumbuka kwamba sisi si watu wa kwao akatupa pole kwa Kiswahili. Cheti cha hospitali kilikuwepo. Hati ilikuwepo. Malipo ya Sedekia hayakuruka hata mwezi mmoja. Nilianza kupumua.

"Limebaki dogo tu," Bwana Didas akasema. "Kiapo. Dada, sema kwa kinywa chako wewe ni nani, na marehemu mume wako jina lake kamili."

"Naitwa Atuganile. Mume wangu baba Saulo."

"Jina lake, dada."

"Sedekia."

"Sedekia nani?"

Atuganile akatazama sakafu.

"Sedekia Andendekisye!" nikasema mimi.

"Mama, wewe ndiye mjane?"

"Mimi dada yake! Huyo Andendekisye ni baba yangu!"

"Basi ungojee nje, mama."

Nilitolewa nje, mimi, kwa sababu ya kulijua jina la baba yangu. Nikasimama dirishani na kusikiliza. Bwana Didas aliuliza tena, taratibu, kama anayemwuliza mtoto. Kimya. Karani wa boma akanong'ona kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, kwamba mwanamke asiyemjua baba wa mume wake huenda hakuolewa huko. Hapo nilirudi ndani bila kualikwa, nikawaeleza desturi yetu yote, na karani nikamweleza na mengine zaidi.

Bwana Didas hakukasirika. "Naelewa, mama," akasema. "Na sisi Uhehe tunaheshimu wakwe. Lakini kampuni haina mkwe. Waliwahi kuja wanawake wakadai waume wa watu, ndiyo maana kiapo lazima kitoke kinywani mwa mjane mwenyewe. Hakiandikwi, na hakisemwi na mwingine. Nitarudi mwezi ujao. Safari hiyo akishindwa, itabidi nirudishe hati, na fedha ilipwe kwa baba wa marehemu."

Tulipanda gari la Tukuyu. Nilivumilia mpaka kwenye mlima, nikashindwa.

"Ungelisema tu! Mzee yuko Kiwira, masikio yake yafike Mbeya? Ungelisema, ukatema mate, ukaomba radhi!"

"Wifi," akasema, "tangu niolewe, hicho ndicho kitu pekee nilichompa. Amemzika mwanawe. Sasa nimnyang'anye na hiki?"

"Na watoto?"

Hapo alilia. Alilia ameuma ncha ya shuka, ili abiria wasisikie, na mimi nikamkumbatia huku bado nina hasira naye. Sijui mtu mwingine ambaye ningeweza kumpenda na kutaka kumtikisa wakati mmoja namna ile.

Jioni ile nilimwendea baba. Alikuwa anakaa nje, akitazama upande wa kaburi. Nilimweleza mambo yote, kisha nikamwuliza kama haiwezekani fedha ije kwake, naye ampe Atuganile.

"Ikifika mkononi mwangu ni ya ukoo," akasema. "Atakuja Jailos, watakuja na baba zako wadogo. Nitawanyima kwa lipi? Mali ya marehemu haijawahi kupita kwangu ikaenda kwa mwanamke."

"Basi itaishia kwenye pombe ya Jailos."

"Ndivyo."

"Na Saulo atachunga ng'ombe."

Kisha nikasema neno ambalo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia, "Tata, heshima yako ndiyo inayowatoa shule watoto wa Sedekia."

Akanyanyuka na fimbo. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari kupigwa. Alinipita tu, akaenda akasimama kaburini pa mwanawe mpaka jua likazama. Aliporudi alikula kidogo. Chakula kilikuwa cha Atuganile, na alijua, kwa sababu alikula cha yule tu bila kulalamikia chumvi.

Mwezi ulipokwisha tukaondoka tena, mimi na Atuganile. Maharage yalikuwa yamekauka mashambani, wanawake wameanza kuyang'oa. Njiani nilimfundisha. Nilimwambia afumbe macho, au afikirie ni jina la mtu mwingine kabisa, la muuza sabuni. Alijaribu. Alifungua kinywa, nikaona meno yake, lakini sauti haikuja.

Chumba kilikuwa kile kile. Bwana Didas alitupa viti, akamwita karani, akafungua hati. Yeye mwenyewe hakuwa na raha. Alimtaka Atuganile aseme jina lake, akasema. Jina la mume wake.

"Sedekia."

"Sedekia nani, dada?"

Na pale, nje barazani, mtu akakohoa.

Kikohozi kile ningekitambua popote. Atuganile alikitambua kabla yangu. Alisimama akatafuta pa kujificha, na katika chumba kile hapakuwa na mgomba, palikuwa na kabati la boma na meza. Akageukia ukutani, akavuta shuka kichwani hadi usoni. Baba alikuwa amesimama chini ya dirisha, amegeuza mgongo, kofia ameishika kwa mikono miwili kama siku ya kaburini. Alitembea kwa miguu alfajiri yote mpaka barabarani, akapanda gari lililotutangulia, na hakumwambia mtu.

"Ni nani huyo?" Bwana Didas akauliza.

"Ndiye mwenye jina," nikasema.

Baba aliita kwa Kinyakyusa. "Tusajigwe, mwambie mama Saulo..." Kisha akakatiza. Miaka yote alikuwa anasema naye kupitia kwangu.

"Hapana," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Mama Saulo, mimi ndiye. Nimegeuka, sikuoni. Niite."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu aolewe. Atuganile alitingisha kichwa ukutani, akikataa.

"Anakataa, tata," nikasema.

"Mwanangu," baba akasema, na hakuwa ananiambia mimi. "Umeniheshimu. Nimejisifu kwa ajili yako mbele ya watu mpaka nikapitiliza. Inatosha. Sedekia aliliandikisha jina langu akidhani ananipa ukubwa, na leo limewafungia watoto wake mlango. Mimi sitaki kuwa mlango huo. Niite, mwanangu. Niite wasikie."

Karani wa boma, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa amevua kofia. Atuganile akageuka kutoka ukutani. Shuka hakulitoa usoni, lakini alisimama wima, akaelekea meza.

"Sedekia," akasema. Akavuta pumzi. "Sedekia Andendekisye."

Alilisema chini sana. Bwana Didas aliinamisha kichwa. Naona alitamani iwe imetosha. "Nisamehe, dada," akasema. "Shahidi lazima asikie. Mara moja tu."

Basi akapaza sauti. Sijawahi kusikia sauti ile kwake, wala kabla wala baada. Aliita kama tunavyoita mtu aliye ng'ambo ya bonde, akavuta jina mpaka mwisho.

"Sedekia Andendekisyeee!"

"Naam," baba akaitika.

Bwana Didas aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza, na Atuganile alikaa chini kwenye sakafu, si kwenye kiti, akalia kilio alichokikosa siku ya mazishi, kilio chote, na safari hii hakuuma shuka. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulipotoka nje baba alikuwa ameshaondoka, yuko mbali barabarani, kofia bado mkononi. Atuganile kwa mazoea alitafuta nguzo ya kujificha nyuma yake. Halafu akaacha. Alisimama peupe akautazama mgongo wa mzee mpaka ulipopinda kona.

Fedha ilikuja. Nyumba ya Iyunga ikawa yake, Jailos akaambiwa na wazee aache kuangalia kucha, na Saulo leo ni mwalimu. Baba hakujisifu tena kwa wenzake. Wengine walimcheka, wakasema mkwe wake amemwita kama mbwa mbele ya Mhehe, naye aliwaacha wacheke. Atuganile aliendelea kujificha mzee anapokohoa, na jina lake hakulitamka tena maishani mwake. Baba alikuwa anakohoa kwa mbali zaidi kuliko zamani, ili mkwe apate muda wa kutosha.

Watu wa siku hizi huniuliza bima ya maisha inatoa nini. Nawaambia inatoa nyumba, na sare za shule, na mwanamke kukaa anapotaka, na si mambo madogo hayo. Kaka yangu alikuwa na akili. Lakini sipiti karibu na boma la Mbeya bila kuliangalia lile dirisha. Siku ile waliitwa wawili pale, baba na mwana, akaitika mmoja.